Boti Iliyoitwa Kabati

Siku ya kwanza mama mkwe alipoiona boti ile, aliizunguka mara mbili na mkoba wake begani, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini: "Kwa hiyo ndiyo hii. Mnataka kuwafungia wajukuu zangu kabatini."

Mafundi wa yadi ya boti wakaangua kicheko. Gundi, yule fundi wa mbao ambaye vidole vyake vilikuwa havijawahi kuonekana bila gundi, alicheka mpaka msasa ukamtoka mkononi. Mama Kasuku, mkwe mwenyewe, hakucheka. Alisema, "Karibu ndani, Mama," kwa adabu zote, maana mama mkwe ni mama mkwe hata akija na shoka. Lakini kesho yake asubuhi alinunua kopo dogo la rangi nyekundu, akapanda ngazi, akaandika nyuma ya boti, kwa herufi kubwa za kusomwa hata na aliyesahau miwani nyumbani: KABATI.

"Haya," akawaambia mafundi huku akishuka. "Chekeni sasa, nisikie."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia hawezi, umempa kazi ya mwaka mzima.

Sasa utauliza, mwanamke ana nyumba yake ya kupanga, ana bomba la maji uani, ana majirani wasio na maneno, ana cherehani na wateja wake wa sare za shule. Nini kilimtoa huko akataka kwenda kulea watoto juu ya ziwa? Jibu lilikuwa fupi, lilikuwa na umri wa miaka miwili, na kwa sababu ya ngumi zake liliitwa Bondia.

Baba yake Bondia alikuwa fundi wa majokofu. Si haya ya soda. Yale ya zahanati, ya kutunzia chanjo. Na zahanati zenyewe zilikuwa visiwani, visiwa kumi na kimoja, na majokofu yale yalikuwa kama yameambizana: hili likipona kisiwa cha tatu, lile linazima kisiwa cha tisa. Basi mwanamume anaondoka na boksi lake la spana, anarudi baada ya wiki tatu, anakaa siku nne, huyo tena. Ndipo mchana mmoja akabisha hodi kwake mwenyewe. Bondia akaenda kufungua mlango, akamkagua kuanzia viatu mpaka kofia, akageuka akapiga kelele: "Mama! Kuna mgeni!"

Kasuku, dada yake mwenye miaka mitano, ambaye tangu ajue kusema hajawahi kupumzika, akaanza kumweleza mdogo wake kwamba huyo si mgeni, huyo ni Baba, mbona ana kovu lile lile kidevuni. Baba mwenyewe aliingia akakaa, boksi la spana mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Mama Kasuku alimtazama usoni, na alichokiona hakutaka kukiona tena maisha yake yote.

"Basi, inatosha," akasema. "Kama kazi haihami, tunahama sisi."

"Tuhamie kisiwa kipi? Viko kumi na kimoja."

"Vyote. Nyumba itakwenda na wewe."

"Nyumba gani hiyo inayotembea?"

"Utaijua nikiipata."

Akaipata. Ilikuwa boti ya tanga ya faiba, imekaa yadi juu ya magogo miaka kumi, mwenyewe alishaisusa. Ndani yake mlikuwa na kiota cha ndege, maji ya mvua, na soksi moja. Mlingoti ulikuwa mzima na tumbo la boti halikuwa na ufa. Mengine yote yalikuwa kazi, na kazi hiyo ilikula mwaka mmoja na miezi minane, kwa sababu mume alikuwa anapatikana siku nne kila mwezi, na siku nyingine zote mke alikuwa peke yake na watoto wawili kiunoni, sindano mdomoni na Gundi wa kubishana naye.

Na alivyoitengeneza! Vitanda vya watoto alivitia ubavuni mwa boti, kila kimoja na kitambaa cha turubai cha kupandisha na kufunga juu, ili boti ikiinama mtoto abaki ndani kama kiazi mfukoni. Kona zote za mbao alizivalisha sponji ya makochi, kwa urefu wa paji la uso la Bondia, kisha akateremka akavalisha tena kwa urefu wa magoti yake mwenyewe baada ya kuumia mara tatu. Jiko la gesi lilifungwa kwenye bawaba ili libembee na sufuria ibaki wima, na mbele yake kikawekwa chuma ambacho mikono midogo haipiti. Kila mlango wa kisanduku ulipewa komeo. Kuzunguka boti yote, kuanzia mbele mpaka nyuma, alifunga wavu kwenye reli, fundo kwa fundo, na alipomaliza akakuta Bondia ameweza kupitisha kichwa upande mmoja. Aliufumua upande ule wote akaanza upya. Kila mtoto alipewa kreti moja ya vitu vyake, na Kasuku alilia siku nzima kwamba wanasesere wake ni familia na familia haigawanywi. Kreti ikawa mbili. Cherehani yake ya mkono aliifunga kwa boliti kwenye meza ya chakula, na mume alipouliza watu watakula wapi, aliambiwa watakula wakiwa wameizunguka.

Lakini kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa kamba za usalama. Hakusoma vipimo mahali popote. Alipima kwa watoto wenyewe. Mwezi ule wa kwanza kabisa, boti ikiwa bado juu ya magogo, alimfunga Kasuku kamba kifuani, akaifunga ncha ya pili katikati ya sitaha, akampa chaki nyekundu. "Nenda popote unapoweza kufika," akamwambia, "na unapofika, chora." Kasuku akatambaa, akajinyoosha, akachora huku akihadithia kila mstari. Mama yake akawa anaifupisha kamba kidogo kidogo, mpaka mstari mwekundu ukabaki shibiri nzima ndani ya ukingo. Kisha zamu ya Bondia. Kisha akakata mikanda migumu kwa vipimo vile, akaishona kwenye vizibao, akatia klipu za chuma.

"Miaka ishirini niko yadi hii," Gundi akasema, "sijapata kuona mtu akimtumia mtoto kama rula."

"Rula ikidondoka majini, unanunua nyingine," akajibiwa.

Na sheria ikawa moja, haina rufaa: hakuna mtoto anayetia mguu nje bila kamba. Hata boti ikiwa imefungwa gatini. Hata baba akiwa amekaa hapo hapo. Mstari wa chaki ulisuguliwa kwa msasa, rangi ikapita juu yake, na kila mtu akausahau.

Wiki mbili kabla ya ukaguzi wa kupewa kibali cha kuishi majini, boti ikiwa imeshateremshwa majini na kufungwa gatini, mama mkwe alirudi. Safari hii hakuja na utani. Alimkuta mwanawe nje anafunga boliti, akamwambia bila kuzunguka: amenunua kitanda cha ghorofa, amekiweka chumba cha mbele, na Kasuku ameshamtafutia nafasi shule ya jirani.

"Mimi sikatai kusafiri kwenu," akasema. "Safirini. Wazimu ni wenu, nyie ni watu wazima. Lakini watoto wanakua, mwanangu, na kabati halikui. Leo wanatosha. Mwakani miguu itatokea dirishani. Mkaguzi akikataa, na atakataa, waleteni kwangu mpaka wamalize shule ya msingi. Sema ndiyo, nipate usingizi."

Mwanawe alikuwa amechoka. Alikuwa ametoka kisiwa cha saba asubuhi ile kwa likizo ya kungoja ukaguzi, na tangu utotoni hakuwahi kumwambia mama yake hapana akabaki amesimama. "Sawa, Mama," akasema. "Mkaguzi akikataa, watakuja kwako."

Mama Kasuku alikuwa ndani, kichwa kisandukuni, anapanga sufuria. Alisikia kila neno. Alitoka na utando wa buibui kwenye nywele na macho yanawaka.

"Nani amesema sawa?"

Mume akaangalia boliti yake.

"Nauliza, nani? Haya, basi na mimi naongeza la kwangu. Mama, mkaguzi akikataa, nguo za watoto nitazifunga mwenyewe kwenye mfuko, na nitakukabidhi mkononi. Na wewe uwepo siku hiyo."

"Umesema mwenyewe," mama mkwe akasema.

"Nimesema. Nami nikisema, nimesema."

Mama mkwe alipoondoka, mke alimgeukia mume. "Umewaweka wanangu rehani."

"Nilitaka tu anyamaze."

"Amenyamaza? Amekwenda kutandika kitanda!" Siku tatu hakumwita Baba Kasuku. Alimwita "wewe hapo", na chai alimpa, lakini ile ya juu juu isiyo na sukari ya kutosha.

Ijumaa ya ukaguzi, saa nne asubuhi, mkaguzi alifika na faili kwapani. Alikuwa mtu mfupi, hana maneno, na kabla ya kukanyaga sitaha alivua viatu bila kuambiwa. Mama Kasuku alimpenda kwa hilo, akamwogopa kwa mengine yote. Mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha nyuma, mkoba mapajani, amevaa nguo zake za kwendea shughuli.

"Hili jina," mkaguzi akauliza. "Lina kisa?"

"Kirefu," Mama Kasuku akasema.

"Ni Bibi alitutukana," Kasuku akaeleza kutoka ndani, "halafu Mama akanuna, halafu akanunua rangi."

Mkaguzi akaandika. Kisha akaanza. Alivuta makomeo yote. Aliutingisha wavu, akaingiza ngumi yake kwenye kila tundu alilolishuku. Alilisukuma jiko likabembea, akalisukuma kwa nguvu zaidi, sufuria ya maji ikabaki wima haikumwaga tone. Alijilaza kwenye kitanda cha Bondia na miguu ikining'inia nje, akapandisha turubai, akasema, "Vuta." Wakamvuta wakashindwa kumtoa. Kila mara alipotia alama kwenye karatasi yake, moyo wa Mama Kasuku ulipanda ngazi moja, na kila mara alimtupia mama mkwe jicho dogo tu, la pembeni, la kumuuliza unaona?

"Sasa kamba," mkaguzi akasema.

Hapa Mama Kasuku alitabasamu kabisa. Alimvika Kasuku kizibao chake, klipu ikalia, ncha ya pili ikafungwa katikati ya sitaha pale pale pa siku zote.

"Mtoto," mkaguzi akasema, "jaribu kuyafikia maji."

"Siwezi kuyafikia," Kasuku akasema. "Mama alinipima kwa chaki nilipokuwa mdogo. Lakini ngoja nikuonyeshe ninavyoshindwa." Akaenda kwenye reli. Akajinyoosha. Reli, ambayo siku ile ya chaki ilimfika kifuani, sasa ilimfika tumboni. Akakunjika juu yake kama taulo kwenye kamba ya nguo, kichwa na mikono vikaenda upande wa pili, miguu ikanyanyuka. "Ala!" sauti yake ikatokea huko nje. "Naona samaki!"

Baba yake alimdaka miguu yote miwili. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkoba chini, vitu vimetawanyika. Bondia alipiga makofi akaomba zamu.

Mkaguzi hakupaza sauti. "Kamba hii ilipimwa lini?"

Mama Kasuku alihesabu kichwani. Mwaka mmoja na miezi minane. Kizibao alikipanua mara mbili, maana kilimbana mtoto na aliona. Kamba haimbani mtu. Kamba hakuigusa.

Na hebu fikiria, huyu ni nani? Huyu ni fundi wa sare! Amewashonea watoto wa watu magauni na kaptula miaka kumi na miwili, na hakuna hata moja iliyotoka mkononi mwake bila upindo mpana ndani, wa kufumuliwa mtoto akirefuka. Wazazi wenyewe walikuwa wanasahau. Yeye ndiye aliyewakumbusha. "Acha upindo, dada, huyu anakua." Kwa watoto wa mtaa mzima aliacha. Kwa wa kwake, kwenye kitu pekee kinachowatenga na maji, alipima mara moja akafunga hesabu. Alijiona mjinga, na hasira aliyokuwa nayo kwa mume na kwa mama mkwe ikageuka yote ikamrudia yeye.

"Kwa hali hii siwezi kusaini," mkaguzi akasema. "Mengine yote ni mazuri, nimeona vyombo vya mashirika visivyofikia hivi. Lakini hili ndilo lenyewe. Niko yadi hii mpaka saa kumi, nina vyombo viwili vingine. Baada ya leo, sirudi mpaka miezi mitatu ipite." Akavaa viatu, akaondoka.

Mama mkwe aliokota vitu vyake kimoja kimoja akavirudisha mkobani. Hakusema nilisema. Afadhali angesema. "Mama Kasuku," akamwita kwa upole kabisa, "ulitoa neno."

"Nililitoa. Nguo nitazifunga. Lakini saa kumi haijafika."

"Mkwe wangu, usijitese. Twende, watoto wapumzike."

"Mama." Huyu alikuwa mwanawe. Alikuwa bado ameshika kifundo cha mguu wa Kasuku, kana kwamba amesahau kukiachia. Alimtazama mama yake. "Hapana. Kaa. Saa kumi haijafika."

Mama mkwe akakaa. Nadhani ni mshangao tu uliomkalisha.

Mama Kasuku alikuwa ameshaingia ndani anafumua. Kamba ya mtu anayekua haiwezi kuwa na urefu mmoja. Gauni unaliachia litokeze. Hii ni kinyume, mtoto akirefuka yenyewe lazima ifupike. Basi ishonwe juu yake mkanda wa pili, ushikwe kwa mshono kila shibiri, katikati kibaki kitanzi. Mtoto akikua, klipu inasogea kitanzi kimoja. Upindo ule ule, ila wa kurudi ndani. Kichwani alishaimaliza. Tatizo, mkanda wa pili hana.

Mumewe alikwenda kwenye boksi lake akarudi na mkanda wa mizigo uliokunjwa vizuri, ule anaotumia kubebea majokofu mgongoni kutoka ufukweni mpaka zahanati. "Huu umebeba majokofu kumi na tisa," akasema. "Kasuku hawezi kuushinda."

"Na wewe utabebea nini?"

"Nitatafuta mwingine. Kata."

Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki mbili kumtazama vizuri. "Asante, Baba Kasuku," akasema, akakata.

Sasa shona. Mikanda miwili migumu, mmoja juu ya mwingine, chini ya sindano ya cherehani ya mkono! Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaelekeza, na mkanda unateleza kama sabuni. Sindano ya kwanza ikakatika. Akatia ya pili, akaenda polepole, kitanzi kimoja, viwili. Cha tatu, tak, ya pili nayo ikakatika. Ikabaki moja. Alizitazama sindano mbili zilizovunjika juu ya meza, akatia ya tatu.

Kivuli kikaziba mlango. Mama mkwe alishuka ngazi kinyumenyume, akalaani kila kidato, akajisukuma nyuma ya meza, akakamata mpini wa cherehani.

"Wewe elekeza kwa mikono yote miwili. Mimi nazungusha."

"Mama, si unataka nishindwe?"

"Nataka ushindwe. Lakini nimemwona mjukuu wangu kichwa chini juu ya maji, na ushinde au ushindwe, hafungwi tena kamba mbovu. Usinichanganye. Sikusaidii wewe, nasaidia kamba."

"Polepole basi."

"Nilizungusha cherehani wewe hujazaliwa. Elekeza."

Wakashona. Mmoja akisema "simama" mwingine anasimama; mmoja akisema "haya" mwingine anazungusha. Zaidi ya hapo hawakusemezana, ila mara moja mama mkwe alisema mshono umekwenda kombo, na ulikuwa umekwenda kombo, wakaufumua. Sindano ya mwisho ilipinda kidogo, ikalia, ikavumilia. Vitanzi saba kwa Kasuku, vitanzi tisa kwa Bondia. Walipomaliza, viganja vya mama mkwe vilikuwa vyekundu na Mama Kasuku alikuwa amejichoma vidole vitatu. Juu, baba alimfunga Kasuku, akampa kipande cha chaki. Wakaanza na kitanzi cha pili, chaki ikavuka. Cha tatu, ikagusa ukingo. Cha nne, mstari ukabaki shibiri nzima ndani.

Saa kumi kasoro robo mkaguzi alirudi akavua viatu. Kasuku alijinyoosha mpaka uso ukaiva, akajaribu kwa mguu, akajaribu kwa kulala kifudifudi, akatangaza kwamba sasa samaki hawaonekani. Bondia naye akapigana na kamba yake akashindwa, akaipiga ngumi. Mkaguzi akajifunga mwenyewe mkanda kiunoni, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Mshono haukutoa hata uzi.

"Na akikua tena?" akauliza.

"Atakua," Mama Kasuku akasema. "Ndiyo kazi yake. Kila baada ya miezi minne anapewa chaki, na kitanzi kinarudi ndani. Vitanzi vikiisha, nitakuwa na mtu mzima anayeogelea kuliko wewe."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. "Kibali cha mwaka mmoja," akasema, akachana karatasi akampa. "Mwakani nitakuja na chaki yangu."

"Njoo. Utatukuta, au utatufuata visiwani."

Alipoondoka, baba alimrusha Bondia juu, Bondia akapiga kelele "Baba! Tena!", na baba akalazimika kumshusha kidogo apanguse uso. Mama mkwe alikuwa anakusanya mkoba wake bila kumwangalia mtu. Mama Kasuku aliingia ndani. Wakasikia komeo likifunguliwa, vitu vikitupwa, komeo likifungwa. Akatoka na mfuko mkubwa uliofungwa fundo, akauweka mikononi mwa mama mkwe.

"Nini hiki?"

"Nguo za watoto. Nilisema nitazifunga mwenyewe na kukukabidhi mkononi. Sitaki useme nilirudi nyuma kwenye neno langu."

Mama mkwe akafungua fundo. Akatoa kigauni chenye upindo uliofumuliwa mpaka mwisho, hakikubaki kitu cha kufumua. Akatoa fulana ya mistari ambayo sasa isingepita hata begani kwa Bondia. Viatu viwili vidogo, vya kidole gumba kutokeza. Akainyanyua fulana ile juu, akaitazama, akamtazama Bondia pale sitahani anavyopigana na baba yake, akairudia tena fulana.

"Zote zimewabana," akasema taratibu.

"Zimewabana, Mama. Tangu umesema kabati, siku zote nilikuwa nao humu, nikishona nao, wakilala hapo wakati wa mchana. Wamekulia humu humu kabatini."

Mama mkwe aliikunja fulana mara nne, vizuri, akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe, si kwenye mfuko. Akavuta kamasi kwa nguvu kama mtu mwenye mafua.

"Na kitanda changu cha ghorofa?"

"Usikiuze. Kila tukirudi gatini wanakuja kulala kwako. Utatukimbilia mwenyewe utuombe tuwachukue."

"Tutaona." Akasimama katikati ya sitaha, akauweka mkoba chini, akanyoosha mikono yote miwili pembeni kama mteja dukani. "Haya, lete futi. Nipime na mimi. Lazima nije kukagua hao wajukuu, na siwaamini hawa samaki wenu. Mimi sikui tena, kitanzi kimoja kinatosha."

Mama Kasuku aliitoa futi shingoni, akaizungusha kifuani mwa mama mkwe, akasoma kipimo, akapima tena.

"Na usidhani nimekubali," mama mkwe akasema juu ya kichwa chake. "Bado nasema hili ni kabati."

"Ndivyo lilivyoandikwa, Mama. Inua mkono."